Jasusi Mgebuka na Injini ya Marehemu

Riziki ilimkuta Leodgar akiwa kwa kinyozi, Mwandiga, kichwa kimenyolewa upande mmoja na upande wa pili bado.

"Yule bibi wa Ujiji kaenda tena ofisi ya mtaa," alisema jamaa mmoja aliyekuwa akisubiri zamu, huku akicheka. "Safari hii karipoti mzungu. Kasema ni jasusi, anapiga picha mwalo, pale boti zinapotia nanga."

"Ikawaje?"

"Mtalii, bwana! Alikuwa anampiga picha korongo juu ya jalala."

Kinyozi akazima mashine apate kucheka vizuri. Leodgar hakucheka. Alifumba macho kama mtu anayesinzia na kuacha masikio wazi, na mpaka mashine ilipowashwa tena alikuwa ameokota yote aliyoyahitaji bila kuuliza swali hata moja. Bibi huyo aliitwa Marcelina, mjane wa Mzee Feliksi, aliyekuwa na boti ya kubeba mizigo kati ya Ujiji na Kagunga. Tangu mzee afariki, bibi alishinda mbele ya televisheni akitazama filamu za majasusi zilizotiwa sauti ya Kiswahili, na kila alipotoka nje aliona majasusi watupu. Boti ilikuwa imepinduliwa ufukweni, mbao zinaachana. Lakini injini, tena injini ambayo marehemu hakuitumia hata msimu mzima, ilikuwa chumbani kwa bibi, imefunikwa kitenge, miguuni pa kitanda. Wanawe walioko Dar walimsihi auze. Wanunuzi walimbembeleza. Hakutaka hata kusikia.

"Malizia haraka," Leodgar akamwambia kinyozi. "Nina kikao."

Hapa inafaa tumtambulishe Leodgar kwa sifa zote anazostahili, na kwa kuwa ni chache hatutachukua muda. Alikuwa tapeli. Mtaji wake ulikuwa sauti laini, suti moja nyeusi na miwani ya jua. Aliwahi kumuuza mbuzi mmoja kwa watu wawili, mbuzi akawakimbia wote na kumrudia yeye, ikabidi amlishe. Aliwahi kufungua chuo cha urubani chenye mwanafunzi mmoja, na mwanafunzi huyo akamkopa nauli asionekane tena. Kipaji alikuwa nacho, hilo hata yeye mwenyewe alikuwa tayari kuliapia. Mali tu ndiyo haikuwahi kujua anakoishi.

Na alikuwa na hofu moja. Mama yake, Leonia, mkulima wa mihogo kule Simbo, aliamini kwamba mwanawe ni afisa mkubwa Dar es Salaam. Ni Leodgar aliyemwaminisha. Kila alipotaka kumpigia simu alikwenda kusimama stendi ya Mwandiga, katikati ya wapiga debe wa magari ya Kasulu, akamwambia, "Unasikia kelele hizo, mama? Ndiyo Kariakoo hiyo." Kutoka stendi ile hadi Simbo si safari ya mtu kubeba maji ya kunywa, lakini Leodgar hakuwa amekanyaga nyumbani kwa miaka. Mgambo hawakumtisha. Lock-up aliizoea. Mama yake kujua ukweli, hilo ndilo lililomkatia usingizi.

Tukirudi kwenye injini: utapeli wa kawaida una adui mmoja, nao ni mdomo wa aliyetapeliwa. Atalia, atasimulia, atakusanya majirani. Lakini jasusi? Jasusi ameapa kutunza siri. Ukimwibia jasusi, yeye mwenyewe atakusaidia kuficha. Leodgar alipoufikia uamuzi huo alitamani mtu ampe mkono wa pongezi, na kwa kuwa hakukuwa na mtu karibu, alijipa mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata alibisha hodi Ujiji akiwa na suti, miwani na jasho. Mlango ulifunguliwa na bibi mfupi aliyejifunga kanga, mwiko mkononi. Bibi akauhamishia mwiko kwapani.

"Mwakeye," akasalimia kwa Kiha, akipiga makofi polepole kama ilivyo desturi.

Leodgar akakunja magoti kidogo, akakutanisha viganja taratibu, mara mbili, kama inavyompasa kijana mbele ya mzee. Kisha akasema, kwa lafudhi ya Tanga aliyoifanyia mazoezi usiku kucha, "Shikamoo, mama. Uniwie radhi, mie Kiha sikijui. Natokea Tanga. Huku ndiyo kwanza nafika."

"Marahaba." Bibi Marcelina akamtazama mikono, akamtazama uso na kovu la kidevuni. "Tanga! Mbali huko. Karibu ndani, mwanangu."

Ndani, Leodgar aliomba televisheni izimwe. "Zinasikiliza," akanong'ona. Akachungulia chini ya meza, akagonga ukuta, akaketi. "Naitwa Kapteni Semboja. Idara ninayotoka haina jina."

"Haina?"

"Lilikuwepo. Tukalifuta kwa sababu za kiusalama."

Bibi akatikisa kichwa kuonyesha kwamba anaelewa mambo hayo.

"Mama, taarifa unazopeleka ofisi ya mtaa zinatufikia. Wao wanacheka. Sisi hatucheki."

Bibi aliweka mwiko chini. "Nilijua," akasema. "Miaka yote hii nilijua yupo mtu anayenisikiliza."

Kitu kikamchoma Leodgar upande wa kushoto wa kifua. Akadhani ni kalamu iliyokuwa mfukoni, akaihamisha.

Wakala kiapo juu ya mwiko, kwa kuwa Idara haikuwa imemkabidhi Kapteni kitabu chochote: siri hii haitatoka, si kwa ndugu, si kwa jirani, mpaka kaburini. Kisha bibi akadai majina ya kazi. Leodgar alipendekeza Tai na Simba.

"Ziwani kuna samaki, hakuna simba," bibi akasema. "Mimi nitakuwa Mgebuka. Wewe utakuwa Kuhe."

Basi Kuhe akaeleza shida. Kuna magendo ziwani. Idara inahitaji injini isiyoshukiwa na mtu, ipelekwe makao makuu ikafungwe kifaa cha kunasia mawasiliano ya maadui. Itarudishwa ikiwa salama, pamoja na nishani.

"Ichukueni," bibi akasema upesi mno hata Leodgar akashtuka. "Ila kuna tatizo la kijasusi."

"Lipi hilo?"

"Ujiji nzima inaijua injini hii. Ikitoka peke yake, hujafika hata Mwanga hapo jirani, watu wote watakuwa mlangoni kwangu. Imekwenda wapi? Kachukua nani? Na mimi uongo siuwezi, padri kanikataza. Lakini boti ikiwa majini, injini ikafungwa mahali pake, ikaondoka kama boti nyingine, nani atauliza?"

Leodgar akaona mambo yanamnyookea kuliko alivyopanga. Alikuja kuiba kuku, sasa anabebeshwa na banda.

"Mama, wewe umezaliwa na ujasusi."

"Boti inavuja kidogo tu," bibi akasema. "Mnaitengeneza, mnakwenda."

Kidogo hicho, wapenzi wasomaji, kilikuwa kikubwa kuliko boti yenyewe. Mbao za chini zilioza. Nyufa zilikuwa na panya, na panya walikuwa na wajukuu. Bibi alisema suti itamfichua Kapteni, jasusi hufanya kazi kwa kujificha, hivyo akampa kaptula ya marehemu Feliksi, iliyomzunguka mara mbili ikabaki, na kuwaambia majirani kwamba kapata kibarua. Leodgar akakwangua. Akapiga randa. Akaziba nyufa kwa pamba iliyochovywa kwenye mawese mpaka kucha zikawa za rangi ya machungwa. Bibi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwavuli kichwani, akisimamia.

"Kuhe, umeruka ufa hapo."

"Nimeuona, Mgebuka."

"Ungekuwa umeuona ungekuwa umeuziba."

Fundi seremala hakuwa mwanachama wa Idara yoyote, akataka chake. Leodgar akauza simu. Mbao zikapungua, akauza saa, kisha viatu. Jioni alijilaza akitazama malengelenge ya mikono yake na kujiambia huo ni uwekezaji. Mtu aliyetumia maisha yake yote kukwepa kazi sasa alikuwa anachapa kazi kuliko punda, tena bila ujira, tena kwa gharama zake mwenyewe, na jambo lililomchekesha hata yeye mwenyewe ni kwamba alikuwa ameanza kuiona boti kuwa nzuri.

Mchana bibi alimletea ugali wa muhogo na samaki, na pamoja na chakula, taarifa za kijasusi. Nyingi hazikuwa na maana: nani kaonekana na mke wa nani, nani anachanganya maji kwenye maziwa. Leodgar alitikisa kichwa na kutafuna. Siku moja bibi akainama karibu.

"Kuhe, nimempata adui. Kuna mtu Kibirizi anaitwa Adolf. Hununua injini bila kuuliza zimetoka wapi. Sasa anatamba kuna injini anaisubiri kutoka Ujiji. Niende polisi?"

Mwiba ukamkwama Leodgar kooni. Adolf ndiye mnunuzi wake.

"Umezipata wapi habari hizo?" akauliza alipoacha kukohoa.

"Sokoni. Nilikuwa nachagua nyanya. Bibi kizee akichagua nyanya, watu huongea kama hayupo."

"Usiende polisi! Adolf ni... Adolf ni mwenzetu. Amejificha."

"Wa Idara?" Bibi akapiga paja kwa furaha. "Sasa mbona hachangii? Mwambie alete rangi na petroli. Au niulize polisi kama wanamfahamu?"

Leodgar alikwenda Kibirizi kwa miguu, kwa kuwa nauli nayo ilikuwa imeingia kwenye boti. Adolf, pande la mtu lenye shingo nene, alimsikiliza kwa hasira, lakini aliposikia kwamba sasa ni injini pamoja na boti, hasira ikapoa. Kesho yake alifika Ujiji na makopo ya rangi ya bluu na dumu la mafuta, akakabidhiwa brashi, akaapishwa kwa mwiko, na kupewa jina la kazi.

"Wewe ni Dagaa," bibi akamwambia.

Adolf akamtazama Leodgar. Leodgar akatazama ziwa.

Alasiri moja rangi ilikuwa inakauka na Adolf amekwenda zake. Bibi akapitisha kiganja kwenye ubavu wa boti, polepole, kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

"Mzee alipokufa," akasema, "kila mtu aliniambia niuze. Wanangu, majirani, hata walionisaidia kubeba jeneza. Hakuna hata mmoja aliyesema, mama, tuishushe majini. Mimi nilitaka kitu hicho kimoja tu. Niione inaelea kabla sijamfuata."

Leodgar alimwonea huruma, huruma ya kweli, na kwa muda mfupi aliwaza kuvaa suti yake na kuondoka mikono mitupu. Halafu akakumbuka simu, saa na viatu. Dhamiri ikachungulia, ikakuta nyumba imejaa, ikarudi ilikotoka.

Siku ya operesheni ilikuwa Jumamosi asubuhi, ziwa limetulia. Leodgar alivaa suti yake juu ya ndala. Mfukoni alikuwa na nishani aliyoinunua kwa mtoto wa shule aliyeshinda mbio za magunia. Mpango ulikuwa mwepesi: amvishe bibi nishani, aingie botini na Adolf, wawashe injini, kwaheri. Bibi Marcelina alitokea na kitenge kipya na miwani ya jua mikubwa kuliko ya Kapteni.

Wanaume wa mwaloni wakasukuma. Boti ikateleza mchangani, ikagusa maji, ikayumba, ikasimama. Haikuingiza hata tone. Bibi akapiga kigelegele, halafu akalia waziwazi mbele ya watu, machozi yakitoka chini ya miwani, na Leodgar akajikuta anapiga makofi kuliko wote. Injini ikaletwa. Adolf akaifunga kwa mikono ya mzoefu, akavuta kamba, ikanguruma kwa mvuto wa kwanza.

"Twende," Adolf akasema huku ameuma meno.

"Ngoja," bibi akasema. "Wakala mmoja bado. Sangala."

"Sangala ndiye nani?" Leodgar akauliza.

Kati ya akina mama waliokuwa wakianika dagaa, mmoja akainuka, akakung'uta kanga, akaja mpaka kwenye maji. Akapiga makofi polepole.

"Mwakeye," akasema.

Magoti ya Leodgar yalikunjika kabla kichwa hakijaelewa. Viganja vikakutana. Mdomo ukasahau kabisa habari za Tanga.

"Mwakeye, mama."

Alikuwa Leonia wa Simbo. Alikuwa amezeeka. Hilo ndilo lililomuuma Leodgar kwanza, kabla hata ya hofu: kwenye simu sauti ya mama haikuwahi kuzeeka, kumbe nywele zilikuwa zinageuka nyeupe huku yeye amesimama stendi akimdanganya.

"Nimeambiwa yote, mwanangu," mama akasema.

Leodgar akatamani ziwa limmeze na suti yake.

"Nimeambiwa uko kwenye kazi ya siri ya serikali. Kumbe ndiyo maana hukuwahi kuja nyumbani. Na mimi nilikuwa nakulaumu moyoni! Unisamehe."

Bibi Marcelina akamvuta Leodgar kando, akavua miwani.

"Kijana," akanong'ona, "siku ile mlangoni mdomo wako ulisema Tanga, mikono ikasema Kiha. Mtu wa Tanga nikimpigia makofi hudhani nafukuza nzi. Wewe uliinama vizuri, nikajua umelelewa na mama mwenye adabu. Nikawauliza wenzangu wa jumuiya ya kanisani, nani ana mtoto wa hivi, ana kovu hili, ana ulimi huu. Haikuchukua hata muda wa kumenya muhogo."

"Tangu siku ya kwanza?" Leodgar akauliza. "Na nyufa zote zile?"

"Boti ilikuwa inavuja, Kuhe. Ningefanyaje? Sasa chagua. Mama yako yule pale, mwambie wewe si afisa, ni mwizi wa injini za wajane. Mgambo naye yuko hapo, anakula mhindi. Au Idara ikupangie kituo cha kazi."

"Kituo gani?"

"Hiki. Kwa kujificha, utakuwa nahodha wa boti yangu, Ujiji na Kagunga. Ujira utapata, si mkubwa. Jumapili unalala Simbo. Na usimweleze mtu kwamba umelazimishwa, maana uliapa."

Leodgar akatafuta mlango wa kutokea, kama alivyoupata sikuzote. Akageuza maneno huku na huku. Kila upande alikuta kiapo chake mwenyewe kimesimama na mwiko mkononi. Alikuwa ameijenga nyumba ile imara sana.

"Na mimi je?" Adolf akafoka kutoka botini. "Rangi yangu! Mafuta yangu!"

Bibi alichomoa nishani mfukoni mwa Leodgar kama aliyejua siku zote iko mfuko gani, akageukia watu. "Jamani! Huyu ndugu yetu Adolf wa Kibirizi katoa rangi na petroli bure, kwa boti ya mjane! Leo mtu wa kufanya hivyo mtampata wapi?"

Vigelegele vikalipuka. Adolf akavutwa nchi kavu, akavishwa nishani ya mbio za magunia, akapewa mkono na mwenyekiti wa mtaa, akaimbiwa. Angesema nini? Kwamba alikuja kununua mali ya wizi? Aliondoka na nishani kifuani, na waliompita njiani wanasema alikuwa akitukana, lakini nishani hakuivua.

Boti ikaondoka kwenda Kagunga, Leodgar akishika mkono wa injini, suti imelowa mpaka magotini. Bibi Marcelina alikaa mbele kabisa, mgongo wima, akikagua upeo wa ziwa kwa ajili ya maadui wa taifa. Leonia alikaa nyuma, karibu na mwanawe. Wakaenda mpaka nyumba za Ujiji zikawa ndogo.

"Mwanangu," mama akasema.

"Naam, mama."

"Kuna jambo nimekuwa nikitaka kukuuliza miaka yote hii. Wale wapiga debe wa Kariakoo."

"Ndiyo, mama?"

"Kwa nini kila ukinipigia wanaita abiria wa Kasulu?"

Leodgar alifungua mdomo, mdomo uleule uliouza mbuzi mmoja mara mbili, asikute kitu ndani. Akageuza uso upande wa Kongo ili mama asimwone. Mama akafungua kifurushi cha jani la mgomba, akatoa muhogo wa kuchemsha, akaumega, akamtilia kipande kiganjani kama alivyokuwa akifanya zamani.

"Kula, Kapteni," akasema. "Na kesho Jumapili, usichelewe."